Tumbili wa Mlango wa Tisa

Jumanne moja baada ya sala ya alasiri, Bi Kijakazi alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya mlango wake, ghorofa ya pili, anachagua mchele. Ungo ulikuwa mapajani, kikombe cha kutilia mawe pembeni, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Alikuwa ameshatoa mawe saba na mdudu mmoja, tumbili walipoingia. Walipita juu ya mapaa kutokea upande wa Msimbazi, wakateremka kwa bomba la maji ya mvua, wakatawanyika kwenye roshani za ghorofa zote tatu na kukaa wawili wawili juu ya ukingo wa chuma, kila jozi mbele ya mlango wa watu. Mbele ya mlango wa Bi Kijakazi hakukaa hata mmoja. Alivuta ungo karibu, maana tumbili ni tumbili, akaendelea na mchele wake.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, Mchafukoge, imezunguka ua wa saruji wenye bomba moja na kamba nyingi za nguo. Ukikaa kwenye roshani yako unaona milango yote kumi na minne, na milango yote kumi na minne inakuona wewe. Kwa hiyo haikuchukua siku tatu wapangaji kuelewa tumbili wamefuata nini. Walikuwa wanarudia yaliyopita kati ya watu wawili nyuma ya mlango waliokaa mbele yake, tangu alasiri ya jana. Badria wa ghorofa ya chini alikuwa amenuniana na mumewe kwa sababu ya pasi iliyounguza kanzu, na tumbili wake alimgeuzia mwenzake mgongo robo saa nzima, akawa anageuka kidogo kidogo kuchungulia kama anabembelezwa. Uani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mume wa Badria akakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mtu aliyekuwa peke yake hawakumwigiza. Ulichokifanya ukiwa peke yako, hata kiwe cha aibu namna gani, kilibaki chako na Mola wako. Salamu za kupita na habari za mlangoni nazo hawakuzishughulikia. Walitaka wawili, na kati ya wawili hao pawe na kitu. Bi Kijakazi alikuwa mjane wa miaka sita, hakuwa na mtu ndani, basi hakuwa na tumbili. Alisema ni nafuu, wasingemchafulia mlango.

Nyumba ikazoea, kama inavyozoea maji kukatika. Msimamizi wa nyumba alikuja asubuhi moja na karani wake kuangalia kama tumbili nao wahesabiwe kuwa wapangaji. Alasiri waliporudi na kamera walikuta tumbili wawili wamekaa ngazini, mmoja amejinyoosha, mwenzake anamtoa chawa kisogoni huku akitazama pembeni kwa kuchoka. Karani aliangalia viatu vyake. Msimamizi akasema kamera haina chaji, na suala la kuhesabiwa halikuzungumzwa tena. Halafu Bi Siti wa mlango wa pili alipolazwa, tumbili wake waliendelea kuja, kila siku mmoja amelala na mwingine ameshika mkono wake, mpaka Ijumaa moja mlango wa pili ukakosa tumbili. Mumewe alianza kutoa makochi na kutandika mikeka ya msiba, na simu ya hospitali ilimkuta ameshamaliza.

Bi Kijakazi ni kungwi. Kwa miaka thelathini amefunda mabinti wa Mchafukoge, Gerezani na Kariakoo siku saba kabla ya ndoa zao: namna ya kukaa, ya kupika, ya kujisugua singo, ya kumpokea mtu aliyerudi na hasira za dukani. Makungwi wako wengi. Lakini watu walimfuata yeye kwa ajili ya kitu kimoja, walichokiita tabasamu la Bi Kijakazi. Alimkalisha binti mbele ya kioo, akasimama nyuma yake, akamwambia, "Mume akipandisha, wewe usipande. Shusha macho. Pinda shingo kidogo, hivi. Sasa toa meno, ya juu na ya chini. Vuta midomo nyuma. Hapo hapo, shikilia hapo." Walirudia siku saba, mpaka midomo ya binti ikawa inakwenda yenyewe.

Wa mwisho kumfunda alikuwa Najma, mtoto wa kaka yake marehemu, aliyemlea tangu ana miaka mitano. Najma aliolewa na Ridhiwani, muuza vitenge wa Kariakoo, kijana mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Walipanga ghorofa ya tatu, mlango wa tisa, upande wa pili wa ua, dirisha lao la nyuma likitazama barabarani. Kutoka kwenye mkeka wake Bi Kijakazi alikuwa anauona mlango huo bila kuinua sana kichwa.

Tumbili wa mlango wa tisa ndio walikuwa kipenzi cha nyumba. Mkubwa alikaa ametulia, hana papara. Mdogo kila mkubwa alipomgeukia alishusha macho, akapinda shingo, akavuta midomo nyuma na kutoa meno yote. Mkubwa akinyoosha mkono kama anayechukua simu mkononi mwa mdogo, mdogo anatoa meno. Mkubwa akienda kukaa mlangoni, pale mdogo anapotaka kupita, mdogo anatoa meno.

"Hawa wanapendana jamani!" Badria alipiga kelele kutoka uani. "Yaani mwenzenu hanuni, kucheka tu asubuhi mpaka jioni."

"Unadhani kafundwa na nani?" Bi Kijakazi akajibu kutoka juu, na alijisikia vizuri, hatufichi. Tabasamu lake lilikuwa limefika mpaka kwenye uso wa tumbili. Kina mama wa Gerezani walianza kuja na mabinti zao waone kazi yake kwa macho, wakaletewa viti.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Pantaleo alikuwa anakaa chumba cha chini ya ngazi, Mngoni wa Songea, mtu wa maneno machache. Ujana wake wote aliumalizia porini Morogoro akiwafuata nyani kwa miguu na kuwaandikia watafiti: nani kamkaribia nani, nani kampisha nani, saa ngapi. Alikuwa bado ana tabia ya kukaa na daftari. Siku moja Bi Kijakazi alishuka kuteka maji, akamkuta kwenye benchi, akamtania.

"Mzee Pantaleo, na wewe unaandika mapenzi ya watu?"

"Naandika tu, mama. Mkono umezoea."

"Umemwona wangu wa tisa anavyocheka?"

Mzee Pantaleo alifunga daftari. "Yule hacheki, Bi Kijakazi."

"Meno yote yale nje?"

"Ndiyo hayo meno. Nyani akifurahi huachia mdomo tu, unaning'inia, meno ya juu huyaoni vizuri. Midomo ikivutwa nyuma namna ile, shingo ikapinda, macho chini, mimi nilikuwa naandika neno moja: anaogopa. Miaka ishirini na mbili nimeandika hivyo, na sijawahi kusahihishwa."

Bi Kijakazi aliweka ndoo chini. Alimwambia kwamba yeye anazungumzia wanyama. Mzee Pantaleo akakubali kwamba ni wanyama. Akasema watafiti walimweleza kwamba kichwani mwa nyani, na mwa binadamu pia, pana mahali padogo pasipojali mtu mmoja. Ukimwonyesha mtu amekaa peke yake, pamelala. Ukimwonyesha wawili waliogeukiana, panaamka hapo hapo, panataka kujua nani mkubwa, nani anamtaka nani, nani anamwogopa nani. Nyani hakawii kujua. Kabla hajala chochote asubuhi anakuwa ameshajua, maana asipojua ataumizwa.

"Na sisi?" Bi Kijakazi aliuliza.

"Na sisi tunajua, mama. Ila sisi tunajua na kusema, basi tunasema tofauti na tulichokijua."

Alimwambia mzee huyo kwamba hajui ndoa, hajawahi kuoa, na kwamba amekaa na nyani mpaka amekuwa kama wao. Alipanda ngazi bila maji. Chumbani alisimama mbele ya kioo chake cha kufundia, akashusha macho, akapinda shingo, akatoa meno. Alitazama.

Watu walipomuuliza tabasamu lile kalitoa wapi, siku zote alisema kwa bibi zake. Haikuwa kweli, na siku ile mbele ya kioo alikumbuka kwamba haikuwa kweli. Hakuna bibi aliyemfundisha. Alilipata mwenyewe mwaka wake wa kwanza kwa marehemu Sadalla, jioni moja jikoni, Sadalla amesimama mlangoni na mwiko mkononi hasemi kitu. Midomo ilikwenda yenyewe. Sadalla akauweka mwiko, akatoka. Kijakazi akajua tabasamu limefanya kazi, akalitumia miaka thelathini na moja, na kwa kuwa limefanya kazi akaliita busara, akaanza kuwapa watoto wa wenzake. Alikaa kitandani akiogopa, na alichokiogopa zaidi ni idadi ya wale mabinti.

Kesho yake asubuhi, Ridhiwani alipokwenda dukani, alipanda mlango wa tisa. Najma alimpokea kwa shikamoo na chai ya maziwa. Kilikuwa chumba na sebule, safi, kila kitu mahali pake. Grili ya dirisha la nyuma ilikuwa imeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Upepo wa barabarani uliingia wote na kelele za magari.

"Hii vipi?"

"Ridhi anataka kuipaka rangi," alisema Najma.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita." Na akatabasamu. Meno ya juu, meno ya chini, shingo imepinda.

"Usinitabasamie mimi, mwanangu. Anakupiga?"

"Hajanigusa, shangazi. Haki ya Mungu hajawahi kunipiga hata kofi."

Bi Kijakazi alinyoosha mkono akausogeza mtandio. Shingoni nyuma hapakuwa na kitu, ngozi tu, laini. Alikuwa amekwenda akijua kwamba polisi wangemuuliza alama iko wapi, na alama pekee aliyokuwa nayo yeye ilikuwa shingo ya tumbili iliyopinda.

"Njoo ulale kwangu."

"Nikija atakuja kunichukua." Najma aliongea taratibu, huku akipangusa meza iliyokuwa haina vumbi. "Na atakuja kwa adabu, shangazi. Atabisha hodi, atakuletea matunda. Wewe mwenyewe utanifungia mkoba wangu. Naomba usije tena akiwa hayupo."

"Kwa nini?"

Najma alielekeza kidevu upande wa roshani, pale kwenye ukingo wa chuma. Bi Kijakazi hakuwa amewaza. Nyumba nzima ilikuwa imewazoea tumbili kiasi kwamba yeye, kungwi wa miaka thelathini, mtu wa kutunza siri za watu, alikuwa amesahau kwamba na yeye ni mtu wa pili.

Alasiri ile mbele ya mlango wa tisa kwanza walikaa tumbili mzee na yule mdogo. Mzee alimsogelea mdogo, akamshika manyoya ya shingoni, akayafunua, akatazama, akayafunika. Mdogo akageuza kidevu kuelekea ukingoni. Ridhiwani alikuwa amerudi mapema siku hiyo. Alikuwa amesimama kwenye roshani yake na kikombe cha kahawa, amevaa msuli na fulana nyeupe, anatazama yote mpaka mwisho. Kisha akageuka upande wa pili wa ua, akamwinamia Bi Kijakazi kichwa kwa heshima.

Siku iliyofuata tumbili wa mlango wa tisa walikuja wa kwanza kabisa. Mkubwa alikaa kitambo. Halafu akamshika mdogo kisogoni kwa mkono mmoja, bila haraka, kama mtu anayeinua paka, akamtoa nje ya ukingo na kumning'iniza juu ya ua. Ghorofa ya tatu, chini saruji. Mdogo hakulia, hakurusha miguu. Alikunja mikono kifuani, akapinda shingo, akatoa meno. Mkubwa alimshikilia hivyo kwa muda wa kusoma Alhamdu moja na nusu. Bi Kijakazi anajua, kwa sababu alikuwa anaisoma. Kisha akamrudisha, akamkalisha mahali pake, akamtoa chawa.

Uani walipiga makofi.

"Hiyo ni sarakasi!" Badria alisema. "Na mwenyewe anacheka tu, angalia! Mimi mume wangu angenifanyia vile ningejikojolea."

Mchele wa Bi Kijakazi ulikuwa umemwagika mkeka mzima. Aliyatazama makofi yale, mikono ya watu anaowajua, watu wazima, wenye akili zao. Alishuka ngazi kwa kujishika ukutani. Mzee Pantaleo alikuwa ameandika saa, tarehe, na neno lake moja. Alikuwa amelipigia mstari.

"Mzee, utanisaidia kusema?"

"Nitasema, mama. Ila mimi nimezoea kuwaandikia watu wanaotaka kujua."

Alikwenda mwenyewe mpaka kwa Mzee Abdulatif, baba mkubwa wa Ridhiwani, mtu anayeheshimika, msuluhishi wa ndoa za mtaa. Mzee Abdulatif alimsikiliza kwa adabu, akasema kikao kitakaa Ijumaa. Kwa kawaida mambo haya huzungumzwa ndani, milango imefungwa. Lakini kwa nyumba ile alisema hakuna cha kuficha tena, tukae uani, kila mwenye jambo aseme. Wakatandika mikeka chini ya kamba za nguo. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mmoja. Kati ya wanawake, kumi na mmoja walikuwa wamepita mikononi mwa Bi Kijakazi, wa nyumba ile na wa nyumba za jirani. Alasiri ilipoingia, tumbili walikuja kama kawaida, ila siku hiyo hawakuigiza. Walikaa ukingoni ghorofa zote tatu, wamegeukia chini, wanatazama.

Mzee Abdulatif alimuita Najma akae katikati, karibu na mumewe.

"Mwanangu, usiogope, hapa ni kwa wazazi wako. Kuna mtu anakuonea?"

Ridhiwani alimgeukia mkewe, akasubiri jibu kama wengine wote.

Najma alishusha macho. Shingo ilipinda, midomo ikarudi nyuma. "Hapana, baba."

"Mnaona?" Mzee Abdulatif alifurahi kwa dhati. "Mtoto anacheka!"

Mzee Pantaleo aliomba kusema. Alifungua daftari, akasoma kwa sauti ya chini, tarehe baada ya tarehe, nani kamkaribia nani, nani kampisha nani, akafika kwenye siku ya kuning'inizwa. Watu walitega masikio, kisha wakachoka. Mzee Abdulatif alimshukuru.

"Mzee wangu, kazi yako tunaiheshimu. Lakini huko ulikuwa porini. Hapa ni Mchafukoge."

Hapo Bi Kijakazi akasimama. Alisema tabasamu lile ni lake. Alisema hakufundishwa na bibi zake, amewadanganya, alilipata kwa hofu ya marehemu Sadalla jikoni kwake, na kila binti aliyekaa mbele ya kioo chake alimfundisha hofu ile ile akiiita adabu. Alisema dirisha la mlango wa tisa halina grili. Alisema, "Huyu mtoto anashikwa shingo anatolewa nje ya dirisha. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza wakati anatolewa."

Ridhiwani hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kwa huzuni.

"Ule ni utani wetu mimi na Najma," alisema. "Shangazi ana mapenzi. Tusimlaumu."

Mzee Abdulatif alicheka kidogo, cheko la kuondoa mzigo. "Bi Kijakazi, umefunda mji mzima wewe. Ina maana wake zetu wote hawa wanatuogopa?" Akawageukia wanawake. "Haya, tusisemewe. Badria, unamwogopa mumeo?"

Badria alifungua mdomo. Bi Kijakazi alimtazama kwa matumaini yote aliyobaki nayo, maana kama kuna mtu mwenye mdomo katika nyumba ile ni Badria. Mume wa Badria, yule wa pasi, aliinua macho, akamtazama mkewe. Si kwa ubaya, alimtazama tu. Na midomo ya Badria ikarudi nyuma, meno ya juu, meno ya chini, shingo ikapinda kidogo.

"Aa, mzee, na wewe," alisema.

Akaulizwa wa pili. Akaulizwa wa tatu. Mzee Abdulatif alipita nao mmoja mmoja kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, na mmoja mmoja walitoa meno, wote kumi na mmoja, kwa ustadi, kama walivyofundishwa. Watoto wa watu aliowapaka singo kwa mikono yake. Alipomaliza wa mwisho, juu kwenye ukingo wa ghorofa zote tatu, nusu ya tumbili walipinda shingo na kutoa meno kwa pamoja. Nusu nyingine walikaa wametulia.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Abdulatif. "Nyumba imejaa furaha."

Ikasomwa dua. Ridhiwani alikuja akapiga goti, akambusu Bi Kijakazi mkono, akamwambia mbele ya watu kwamba ni kosa lake, amemtupa mama mkwe wake, na kuanzia kesho atakuwa anapita kumjulia hali. Wanawake wakasema mashallah.

Alipita kweli. Jumamosi asubuhi alibisha hodi mara tatu, akasubiri, akaitwa, akaingia hatua moja tu. Alikuwa ameleta nanasi na machungwa.

"Shikamoo shangazi."

Bi Kijakazi alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno: kwamba akimgusa mtoto yule tena atakwenda mahali fulani, atampeleka, atamfanya. Alisimama katikati ya chumba chake, mwanamke wa miaka sitini na mmoja. Ridhiwani akaangaza macho chumbani, kitanda, kioo, akatulia kwenye dirisha.

"Na wewe grili yako imeshika kutu," alisema. "Nitakuletea fundi aje kuing'oa aipake rangi."

"Marahaba, baba," alisema Bi Kijakazi. Alihisi ubaridi kwenye meno, akajua yako nje.

Alasiri alitandika mkeka, akachukua ungo. Tumbili wawili waliteremka kwa bomba, wakapita milango mingine, wakaja kukaa kwenye ukingo wake. Mmoja alikuwa mkubwa, ametulia, anaangaza huku na huko. Wa pili alikuwa yule mzee, kifua kimenyauka, manyoya ya kidevu meupe. Mkubwa alipomgeukia, mzee alishusha macho, akapinda shingo.

"Jamani!" Badria aliita kutoka uani. "Leo hata Bi Kijakazi kacheka!"

Wakapiga makofi. Mzee Pantaleo kwenye benchi lake hakupiga. Aliandika saa na tarehe, akafunga daftari.

Bi Kijakazi hakufunda tena, na mabinti walipata kungwi mwingine, mmoja wa wale kumi na mmoja, anayefundisha tabasamu lile lile na kuliita kwa jina la mwalimu wake. Ridhiwani anaendelea kupita kila asubuhi, hodi tatu, na matunda. Grili ya mlango wa tisa bado haijapakwa rangi. Ya Bi Kijakazi nayo imeegemezwa ukutani. Tumbili wanakuja kila siku, na siku wakichelewa watu wanaulizana kama kuna mvua upande wa Msimbazi.

Kila alasiri, kabla hajagusa mchele, Bi Kijakazi huinua macho ng'ambo ya ua, ghorofa ya tatu. Hatazami wanafanya nini, huwahesabu tu. Wakiwa wawili, na mdogo ametoa meno, humshukuru Mungu, akashusha miwani, akaanza kutafuta mawe.